Harufu ya Petroli Nyumbani kwa Mashaka

Mkisikia harufu ya petroli au mafuta ya taa ndani ya nyumba, na hakuna chupa wala debe lililomwagika, msiwashe ubani. Naanza na hilo kabla hata ya kusalimiana, kwa sababu nawajua nyinyi vijana, mkishasalimiwa mnafunga masikio. Msiwashe ubani, msiwashe udi, msiwashe kibiriti mkatafute harufu inatoka wapi. Harufu haionekani. Nimefanya kazi ya mabomba na mitaro ya maji machafu tangu Mwingereza yuko hapa mpaka nikastaafu, na sijakutana na harufu iliyojitokeza ikasema mimi hapa kwa sababu mtu kaiwashia kibiriti. Au ikijitokeza, inajitokeza pamoja na paa.

Haya, sasa shikamoo zenu nimezipokea.

Cha kufanya ni kumwaga maji. Maji tu! Kila tundu la bafuni, kila tundu la sakafuni, ndoo moja. Chini ya tundu fundi aliyejua kazi yake ameweka bomba lililopinda, nyinyi mnaita trapu, sisi tuliita shingo ya bata. Maji kidogo yanabaki pale kwenye pindo, na hayo maji ndiyo mlango. Uchafu unapita kwenda, harufu haipiti kurudi. Tundu lisipotumika, maji yale yanakauka, mlango unakuwa wazi, na chochote kilichomo kwenye mtaro kinakuja kukaa na wewe sebuleni. Nimeyasema haya mpaka ulimi umeota sugu, na juzi juzi tu hapa Korogwe kijana mmoja, ana cheti cha ufundi, kaja kuniuliza anunue dawa gani ya kupuliza. Nilimtazama nikakumbuka habari ya Mashaka, nikaona bora niiandike, maana kusema kumenishinda.

Lakini kwanza nimtaje aliyenifundisha, la sivyo hamtaelewa habari ya papa.

Alikuwa Mzee Bakari, Mdigo wa upande wa Tanga, mtu mfupi, mikono mikubwa kama makoleo. Hakuwa na maneno. Ukimuuliza swali wakati anafanya kazi anakurushia tambara. "Bomba halina mdomo," anasema, "na wewe funga wako, msikilizane." Basi mzee huyu, akitaka kujua kama mtaro huu na nyumba ile vimeungana chini kwa chini, alikuwa anachemsha papa. Papa yule mkavu wa chumvi anayekuja na treni kutoka Tanga. Anamchemsha mpaka supu iwe nzito, anaimimina moto kwenye mtaro mmoja, halafu anatembea nyumba kwa nyumba ananusa. Papa hana mwenzake. Huwezi kusema labda ni papa, labda ni maua.

Siku moja tulikuwa Korogwe mjini, kwa Mhindi mmoja mwenye duka la nguo, watu wasiokula samaki wala nyama wala yai. Jirani alikuwa analalamika maji machafu yanaingia kisimani. Mzee akamimina supu yake mtaroni. Harufu ikapanda ndani ya chumba cha ibada cha yule Mhindi. Bibi mwenye nyumba alitoka na mwiko mkononi, nasi tukakimbia na vyombo vyetu mpaka relini. Nikamwambia, "Mzee, tumefukuzwa." Akasema, "Tumefukuzwa, lakini bomba lililopasuka tumelipata." Ndivyo alivyokuwa. Baadaye alirudi kwao, mimi nikabaki peke yangu na papa.

Sasa. Habari ya Mashaka ilitokea kwenye shamba la mkonge nilikokuwa fundi wa mitaro, njia ya Mkumbara. Jina silitaji, kwa sababu wajukuu wa watu wale bado tunakutana sokoni. Karibu na karakana palikuwa na nyumba ya matofali aliyokuwa akikaa fundi mkuu wa Kizungu. Alipohama, meneja akampa Mashaka, dereva wa lori la kupeleka singa, yaani nyuzi za mkonge, stesheni. Meneja alikuwa Mgiriki, si mtu mbaya, ila alikuwa na haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Mashaka alikuwa Mzigua wa Kang'ata, Handeni, mtulivu, msafi, lori lake analifuta kuliko watu wanavyofuta watoto. Sisi wengine tulikaa kambini kwenye vyumba vya mabati. Yeye kapewa nyumba yenye bafu la ndani, tundu la maji sakafuni, kila kitu! Watu walikuja kuitazama siku ya mapumziko.

Na ikaanza kunuka petroli.

Kwanza kidogo, kama nguo ya fundi. Baadaye nyumba nzima. Watoto wanaumwa vichwa, uji unanuka, mto wa kulalia unanuka. Na kila mtu ana lake la kusema. Mmoja anasema ni mzimu wa fundi mkuu, ingawa fundi mkuu alikuwa mzima tu, kahamia Moshi. Mwingine anasema wachome majani ya mwarobaini. Mimi nasema ni bomba. Nani anamsikiliza mtu wa mitaro? Nikamuuliza Mashaka, "Maji yanapita bafuni?" Akaniambia, "Hayajawahi kuziba, fundi." Nami nikaridhika, mtu mzima mimi, nikaenda kupima bomba la nje badala ya kufungua mlango wa bafu.

Asubuhi moja napita pale, namkuta mkewe, Mama Zaina, kashika chetezo chenye makaa mekundu, ubani unafuka, anaelekea ukumbini ndani ya ile harufu. Sikusema hodi. Nilimpokonya chetezo nikakitupa uani.

"Shemeji! Umenimwagia ubani!"

"Ningekuacha ungemwagika wewe na watoto. Hii ni petroli, Mama Zaina. Petroli na moto ni mume na mke."

"Petroli itoke wapi? Hapa ndani nina mahindi na watoto, basi."

"Ndiyo natafuta."

"Utafute bila kuvunja vyombo vya watu," akasema, na wiki nzima hakuniitikia salamu vizuri.

Sasa nije kwa Kulwa, maana bila Kulwa jambo hili lingebaki kuwa harufu tu. Kulwa alikuwa Mnyamwezi, fundi wa karakana, anaosha na kufunga vyuma vya mashine ya kukamulia mkonge, ile tunaita korona. Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu enzi za misafara. Wanatukanana sokoni, wanatukanana harusini, na msibani ndiyo wanatukanana zaidi. Basi siku hiyo wafanyakazi wamejaa bombani wananawa, Mashaka akapita.

"Mzigua!" Kulwa akapaza sauti. "Mbona unanuka kama tangi? Unalala na pipa la kampuni?"

"Nalilinda, lisije likabebwa kichwani na mpagazi kama wewe."

"Mwongo! Njaa ya Handeni imekufikisha kwenye kunywa petroli!"

Watu tukacheka mpaka tukamwaga maji. Kumbe meneja yuko nyuma ya ukuta wa karakana, na Kiswahili chake kilitosha kushika maneno matatu: pipa, kampuni, petroli.

Kesho yake asubuhi, watu wote tumepangwa mistari kuitwa majina, meneja akamwita Mashaka mbele. Akasema kwa sauti, mbele ya wakata mkonge na wanyapara na wanawake wa kuanika singa, kwamba Mashaka ni mwizi wa petroli, na nyumba yake yenyewe inamtaja. Akamnyang'anya funguo za lori. Akasema Jumamosi nyumba iwe tupu, arudi kwao.

Na kwao, mwaka ule, mvua ilikuwa imekataa. Kang'ata watu walikuwa wanachimba mizizi. Mashaka alikuwa analisha watoto wake na wa ndugu zake kwa kazi ile, na meneja alikuwa amesema mashamba yote ya jirani yataambiwa. Dereva akishaitwa mwizi wa petroli, nani atampa lori? Hata rukwama hapewi.

Kulwa alikimbia ofisini kabla ya chai. Mimi nilikuwa nje nafungua gata la maji ya mvua, nikasikia yote, na natamani nisingesikia.

"Bwana, ule ulikuwa utani. Mimi na Mashaka watani."

"Utani nini? Jana wewe sema yeye iba. Leo wewe sema hapana iba. Wewe ogopa yeye?"

"Simwogopi, Bwana! Mtani wangu! Mimi hata akifa, naweza kuingia kaburini mwake nikalala, asizikwe mpaka wanilipe!"

Meneja akainuka kitini. Halafu akaniita mimi dirishani, akaniuliza polepole, "Huyu nataka ua Mashaka?"

Jamani! Nilieleza utani mpaka jasho likanitoka. Jaribuni nyinyi kumweleza mtu asiyekuwa na mtani. Alichokiamini mwisho wa yote ni kwamba Mashaka ni mwizi na Kulwa ni mtu hatari. Nikaona bora nishike njia ya bomba ninayoijua. Nikamwomba, "Bwana, njoo unuse mwenyewe, nikuonyeshe harufu inatoka chini, haitoki kwenye pipa." Akakubali, Alhamisi mchana.

Alhamisi akaja. Nimevaa shati safi. Akaingia sebuleni akanusa. Akaingia vyumbani, akainama pembeni, akanusa. Mimi nanusa nyuma yake. Hakuna kitu. Nyumba inanuka sabuni na jua. Akanigeukia:

"Harufu iko wapi?"

Nikainama tena pembeni, nikanusa sabuni.

"Mimi jua," akasema. "Yeye toa petroli, ficha porini." Akavaa kofia akaondoka.

Nilibaki nimesimama uani kama mti uliopigwa radi. Mashaka kakaa kizingitini. Nikamgeukia Mama Zaina, na hasira yote niliyokuwa nayo kwa dunia nikaitoa kwake. "Shemeji, jana nyumba ilinuka. Leo hainuki. Umefanya nini?"

"Nimefanya usafi. Bwana mkubwa anakuja, ulitaka akute uchafu?"

"Usafi gani?"

"Nimetoa mahindi bafuni, nikasugua, nikamwaga maji debe zima..."

"Umetoa nini bafuni?"

"Mahindi."

Nikatazama uani. Ni kweli, mikeka mitatu ya mahindi juani, na mimi nimeyaruka bila kuyaona.

"Mahindi yalikuwa yanafanya nini bafuni, Mama Zaina?"

"Sasa ningeyaweka wapi? Jikoni kuna panya. Kule sakafu ya saruji, mlango una komeo."

"Na mnaoga wapi?"

Akanionyesha ua wa makuti nyuma ya migomba. "Pale, kama watu. Mtu anakoga chumba cha pili na anapolala? Na maji yakishaogewa yanakwenda kwenye migomba. Kwetu maji tunayafuata mbali, shemeji, hatuyatupi kwenye tundu."

"Tangu mmehamia?"

"Tangu tumehamia."

Nilikaa chini, juu ya mahindi. Shingo ya bata imekaa miezi kavu kama ngoma, mlango wazi, na mimi nilimuuliza mumewe kama maji yanapita, akanijibu hayajawahi kuziba. Ni kweli! Hayajawahi kuziba kwa sababu hayajawahi kupita! Kwa meneja, ambaye bomba lake linaingia mtaro ule ule, hapakunuka, kwa sababu yeye anaoga asubuhi na jioni kama bata mwenyewe. Na siku ile ile tuliyoita watu waje kunusa, debe moja la mama huyu likafunga mlango.

Nikaenda mbio karakana. "Kulwa, ukimaliza kuosha vyuma kwa petroli, ile chafu unaimwaga wapi?"

"Humo." Akanionyesha tundu la sakafuni. "Nikimwaga nje Bwana anasema nachafua uwanja wake."

"Humo ndimo inamopita kwenda nyumbani kwa Mashaka."

Kulwa alikaa chini akashika kichwa. "Mimi ndiye ninayemnukisha? Halafu mimi ndiye niliyemcheka?"

"Wewe."

"Mama yangu," akasema. Kwa mara ya kwanza sikumwona na utani.

Mtasema sasa kazi imekwisha, nikamwambie meneja. Hebu fikirini kidogo, acheni haraka. Nikikausha shingo, nyumba itanuka petroli, meneja atasema: ehe, kairudisha. Nisipoikausha, haitanuka, atasema: kaificha. Ikinuka ni mwizi, isiponuka ni mwizi. Maneno matupu yalikuwa hayana kazi, nilishaona yaliyompata Kulwa. Nilihitaji kitu kisicho petroli, kiingie karakana mbele ya macho ya watu, kitokee nyumbani kwa Mashaka.

"Kulwa," nikasema, "nenda Korogwe katafute papa. Mkubwa. Anayenuka."

"Wote wananuka."

"Basi chagua."

Jumamosi asubuhi Mashaka alikuwa ameshatoa vitu vyote barazani: kitanda, masanduku, mahindi ndani ya magunia. Nyumba tupu, hata ufagio haumo. Mimi nimeshatoa maji kwenye shingo kwa tambara, mara nachovya, mara nakamua, kama alivyonifundisha Mzee Bakari, na nikakataza mtu yeyote asisogee na moto wala sigara. Supu tuliichemshia mbali, kambini. Meneja akaja kukagua kama nyumba iko wazi. Nikamwambia, "Bwana, nakuomba simama bafuni kidogo, karani wako asimame karakana na Kulwa. Kulwa atamwaga ndoo. Ukishanusa, sema unachotaka."

Akatazama saa yake. Akasimama.

Nikapiga mluzi. Kulwa akamimina.

Kwanza ilikuja petroli, meneja akanitazama kwa jicho la nilikuambia. Nikanyamaza. Bomba halina mdomo. Halafu ikaja. Taratibu, nzito, ya moto, papa wa Tanga na chumvi yake yote, ikapanda tunduni ikajaza chumba. Meneja akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Nani pika samaki?" akapiga kelele. "Mama! Wewe pika samaki?"

Mama Zaina yuko barazani kakalia magunia. Akajibu bila hata kugeuka, "Bwana, hata chungu kimo mzigoni. Nipikie kwenye kiganja?"

Meneja akatoka. Akatembea haraka mpaka karakana, mkono puani. Akamkuta karani wake kajifunga shati usoni, na Kulwa kashika ndoo tupu juu ya tundu, mkia wa papa umenasa ukingoni. Akatazama ndoo, akatazama tundu, akageuka akatazama nyumba. Halafu akatazama beseni la Kulwa la kuoshea vyuma.

Akamwita Mashaka ofisini, akafunga mlango. Mashaka alitoka mikono mitupu.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Kasema si mwizi. Kanipa funguo."

"Ziko wapi?"

"Nimeziacha mezani. Mwizi aliniita mbele ya watu wote. Usafi wangu ananinong'onezea?"

"Mashaka, chukua funguo, mwanaume. Watoto wako wako barazani."

"Wakae barazani."

Na walikaa! Tangu Jumamosi ile mpaka Jumatatu, nyumba iko wazi, funguo ziko mezani, mtu kagoma kuingiza kitanda. Mama Zaina anamwambia, "Ingia ndani, mbu wanatumaliza." Anavuta shuka kichwani. Kulwa anakuja kumbembeleza, anaambiwa, "Wewe mpagazi nyamaza, ulisema vya kutosha." Na kule korona singa zinarundikana, hakuna dereva mwingine anayetaka kugusa lori lililomfanya mwenzao aitwe mwizi. Nilikwenda ofisini, nikasema, "Bwana, ulimpiga hadharani, usimuuguze chumbani." Sikujua kama ameelewa.

Jumatatu tukapangwa mistari. Meneja akatoka, uso mwekundu. Akamwita Mashaka mbele, akavua kofia. Nasema kofia, mbele ya wakata mkonge.

"Mashaka hapana mwizi," akasema. "Petroli tembea ndani ya bomba. Mimi nilisema vibaya. Mimi, hapana yeye." Akanyoosha funguo.

Mashaka akazichukua kwa mikono miwili, akainamisha kichwa kidogo tu. Akaenda kwenye lori taratibu, sisi wote macho yetu kwake. Akachukua hendeli ya kuwashia, akaichomeka mbele, akazungusha. Kimya. Akazungusha tena. Kimya. Akafungua kifuniko cha tangi, akachungulia.

Nikasikia Kulwa ananong'ona pembeni yangu, "Mungu wangu. Bwana alituamuru tulikamue tangi. Isije ikaibiwa."

Basi Mashaka akarudi, akapita katikati ya mistari yote, akasimama mbele ya meneja, wima.

"Bwana," akasema, "naomba petroli."

Meneja akapapasa mfukoni, akatoa ufunguo wa stoo. Hakumwita mtu. Alikwenda mwenyewe, akarudi mwenyewe, amekumbatia debe kifuani kama mtoto, linamchuruzikia shati na kaptula mpaka soksi, akamimina kwenye tangi kwa mkono wake. Alipogeuka kuja kwetu alikuwa ananuka petroli kuanzia shingoni hadi viatuni.

Nikamwona Kulwa anavuta pumzi, anafungua mdomo.

Nikamkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote.